Usubi mliowaandika siyo hawa wa kwenye kokoa zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na nikizidisha urefu mnisamehe, kateni mnapotaka ila ile sehemu ya maua msiikate. Mi ni mkulima wa kokoa huku Kyela, ekari tatu alizoniachia marehemu baba, na gazeti lenu nalisomea kwenye simu maana la karatasi likifika huku habari zishapoa. Wiki kadhaa zilizopita mlitoa habari ya afya kuhusu ugonjwa wa usubi, habari nzuri tu, mmeeleza upofu, mmeeleza ngozi inavyowasha mpaka mtu anajikuna na gunzi la mahindi, mmehimiza watu wameze vidonge, safi kabisa. Shida ipo kule mwishoni. Mmeandika kwamba usubi ni aina ya mbu wadogo wanaozaliana kwenye takataka na majani yaliyooza, kwaiyo wananchi wafyeke, wafagie na wapulizie dawa, alafu juu yake mkaweka picha ya mbu.

Mtu akakata hicho kipande akakirusha kwenye grupu la WhatsApp la AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika wa wakulima. Hazikuisha siku mbili, jirani yangu, mzee ninayemheshimu na ndo aliyenifundisha kupogolea kokoa, kabeba pampu mgongoni kapulizia chini ya shamba lote, kwenye majani makavu, kwenye lundo la maganda, kwenye mashina ya migomba yaliyolala yanaoza, kila penye unyevu hakuacha. Nikamuuliza, baba, kuna nini huko chini? Akanijibu, usubi mwanangu, gazeti limesema. Sasa Mhariri, ile dawa imeua kila kinachotambaa na kuruka pale isipokuwa yule mdudu mliyekuwa mnamsema nyie, maana yule hayupo pale, yule yuko mtoni.

Nisiwalaumu sana, kosa lenyewe liko kwenye jina. Kiswahili chetu kila kidudu kidogo chenye mabawa kinachouma na hakieleweki ni usubi. Ukienda pwani kwenye mikoko jioni kukiwa hakuna upepo wanakwambia visubi hivyo, funga shati. Ukienda zahanati usubi ni ugonjwa, umeandikwa ukutani pamoja na matende, mabusha, kichocho na vikope. Kuna yule inzi wa mchangani anayeleta kala-azar kule Baringo Kenya, anayependa kujificha kwenye vichuguu, naye kuna wanaomwita usubi. Na wageni wakija Matema wakiona ile mawingu ya wadudu inayopanda juu ya ziwa kama moshi wa moto wa nyika wanapiga kelele usubi usubi, wakati wale hata mdomo wa kuuma hawana, ng'ambo Malawi watu wanawakamata wanawakandamiza wanakuwa kama mkate wanakula, wanaita kungu, hata Livingstone alipopita Ziwa Nyasa aliwaandika. Kwaiyo jina moja, wadudu wanne au watano ambao hawajuani hata kwa sura.

Anayeleta upofu ni inzi mweusi. Ni mfupi, mnene, mgongo umenyanyuka kama ana kibiongo, anauma mchana kweupe, na mabuu yake hayawezi kuishi kwenye majani yaliyooza hata ukiyabembeleza, yanataka maji yanayokimbia, yanajishikiza kwenye mawe na majani ya mtoni yanachuja chakula kinachopita. Mito ya hivo huku kwetu ipo, inashuka kutoka milima ya Rungwe kuja ziwani, ndo maana sisi Kyela na wenzetu wa Rungwe na Ileje tumekuwa tukigawiwa dawa miaka na miaka. Anakuja mhudumu wa afya wa jamii na fimbo yake ya kupimia urefu, unasimama wima kama unapimwa jeneza, anaangalia alama anakupa vidonge vya kimo chako. Mi nameza, mke wangu anameza, na wanaosema vidonge vinapunguza nguvu za kiume mi nina watoto watano. Hilo tuliache.

Usubi ninaowasema mimi ni ukoo mwingine kabisa, wataalamu wanauita Ceratopogonidae, na hapa ndo nilipotaka kufika. Ni wadogo, wengi milimita moja mpaka tatu, yaani anapita kwenye tundu la chandarua kama mtu anayepita geti la kanisa. Wengi wenye kuuma mabawa yao yana madoadoa. Anayeuma ni jike tu, anataka damu ya kutengenezea mayai, dume hana habari na wewe. Na hachomi kama mbu, mbu ana sindano, huyu ana kitu kama mkasi, anakata ngozi damu inajaa anainywa pale pale, ndo maana kidudu kisichoonekana kinauma kama kaa la moto. Ile picha yenu ya mbu mwenye mdomo mrefu kama mrija wa soda haifanani naye hata kidogo.

Alafu wako wengi ajabu. Mpaka sasa walioshapewa majina ni zaidi ya spishi 6,000, mbu wa dunia nzima hawafiki 4,000, fikiria. Wamegawanywa kwenye jenasi, yaani vikundi vya ndugu wa karibu, zaidi ya 100, na katika hizo zote ni nne tu zenye wanyonya damu ya binadamu, wanyama na ndege, kubwa yao inaitwa Culicoides, hiyo peke yake ina spishi zaidi ya 1,300. Wengine wote hawana shida na wewe. Wapo wanaokaa mgongoni kwa viwavi wanawanyonya, wapo wanaodandia mabawa ya kereng'ende, na kule Asia kuna mmoja anamdandia mbu aliyeshiba damu anamnyonya ile damu aliyoiiba, mwizi kaibiwa. Wapo ambao jike wakati wa kupandana anamtoboa dume kichwani anamfyonza mpaka anabaki ganda, na yanayofuata siandiki, gazeti linasomwa na watoto. Na ni wa zamani sio mchezo, wamekutwa wamenasa kwenye utomvu wa miti uliogeuka jiwe huko Lebanoni, wa miaka zaidi ya milioni 120.

Katika huo ukoo kuna jenasi inaitwa Forcipomyia, huyu anapiga mabawa zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja, hakuna mdudu mwingine aliyepimwa akamfikia. Na huyu ndo anaenipa mimi ada za shule.

Hayo nilionyeshwa na bwana shamba mmoja, kijana mdogo tu, nilikuwa namdharau kidogo nikubali, alikuja siku moja akaniuliza, mzee (mi ananiita mzee!) umewahi kuona nani anachavusha kokoa yako? Nikasema nyuki. Akacheka. Akaniambia kesho niamke saa kumi na moja, nilale chali chini ya mti nitulie. Nikafanya, mke wangu akatoka nje akanikuta nimelala kwenye majani alfajiri akadhani nimeanguka kifafa. Ua la kokoa mnalijua? Halitoki kwenye ncha ya tawi kama la mwembe, linatoka kwenye shina lenyewe, kwenye gome, dogo kama kifungo cha shati, na petali zake zimejikunja kama kofia zinaficha chavua ndani. Chavua yenyewe inanata, upepo hauwezi kuibeba, na nyuki mkubwa mno haingii mle. Ua linafunguka alfajiri, lisipopata chavua siku hiyo au kesho yake linadondoka, basi. Kijana akaniazima lenzi ya kubana kwenye simu. Nikasubiri weee. Ndo nikaviona, vidudu kama vumbi lenye miguu, vinaingia chini ya ile kofia vinatoka na chembe nyeupe mgongoni vinahamia ua la pili.

Tunda moja la kokoa lina mbegu 30 mpaka 50, na kila mbegu inataka chembe yake ya chavua, kwaiyo kidudu kisichofika milimita tatu inabidi kibebe mzigo wa kutosha, au waje kadhaa kwenye ua moja. Katika maua 100 ya kokoa hata 5 huwa hayafiki kuwa tunda. Mti unatoa maelfu kwa mwaka alafu unavuna matunda ya kuhesabu, na sisi tunasema mti mvivu. Mwaka 2024 bei ya kokoa New York ilipovuka dola 10,000 kwa tani, na huku mnadani tulichekelea mpaka meno ya mwisho yakaonekana, kila mtu alikuwa anatafuta mbolea, dawa, miche mipya, semina, sikusikia hata mmoja anauliza habari za huyu kidudu.

Na cha kushangaza zaidi, kokoa ni mgeni, kwao ni Amerika ya Kusini, imeletwa Afrika na meli, usubi wake haukupandishwa melini. Imekuta ndugu zao wako hapahapa Afrika wakaishika kazi bila kufundishwa na mtu.

Sasa mabuu yake yanakaa wapi. Ndo pale pale. Kwenye majani ya kokoa yaliyolowa, kwenye maganda tuliyopasua tukatupa, na sanasana kwenye shina la mgomba linalooza, ukilipasua lile shina likiwa laini kama uji humo ndani ndo kwao. Yule mzee wangu alipopulizia kwenye lundo na kwenye migomba ni sawa na kumwaga dawa ya panya jikoni kwa mwajiriwa wako. Sitaki kusema kokoa yake ilikosa matunda kwa ajili ya ile dawa, kokoa ina mambo mengi, mvua, kivuli, udongo, hata ikishachavushwa vitunda vichanga vinajikaukia vyenyewe vinakuwa vyeusi mti unavitupa, hiyo ni tabia yake. Ila maua yalivyodondoka chini kwake ule mwezi, meupe kama bisi, mi niliyaona, na yeye aliyaona, na hatukuongea.

Msije mkadhani natetea usubi wote. Hawa wa Culicoides ni watu wabaya. Kule Afrika Kusini mwaka 1854 na 1855 ugonjwa wa farasi uliua karibu farasi 70,000 Cape peke yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua unasafiri vipi, walikuwa wanasema ni umande, ni hewa mbaya ya usiku, mpaka 1944 ndo mtafiti du Toit wa Onderstepoort, kituo chao cha utafiti wa mifugo, akaonyesha ni usubi. Hao waliosema umande hawakuwa wajinga sana ukifikiria vizuri, maana usubi anatoka jioni na alfajiri, muda wa umande, na farasi aliyefungiwa ndani usiku alikuwa anapona. Kuna ugonjwa wa ulimi wa bluu wa kondoo, nao ni wao, kondoo wetu wa kienyeji wanaubeba mara nyingi bila kuonyesha kitu, ila ukimleta wa kizungu anavimba uso ulimi unageuka rangi. Wazungu walikuwa wanaona ni ugonjwa wa nchi za joto, mwaka 2006 ukaibukia Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, na walioubeba kule ni usubi wa kwao wenyewe, siyo wa kutoka huku. Na yule anaeongoza kwa kubeba haya magonjwa Afrika, Culicoides imicola, kaandikwa kwenye vitabu 1913 kwa sampuli zilizotoka hapahapa Afrika Mashariki, na 1971 watafiti Khamala wa Kenya na mwenzake Kettle wakakaa wakawapanga Culicoides wa nchi zetu hizi tatu mmoja mmoja kwa madoa ya mabawa. Yaani kazi ya kuwatofautisha ilishafanyika, sisi bado tunaweka picha ya mbu. Huyo imicola anapenda udongo mbichi uliochanganyika na mavi ya ng'ombe, kwaiyo mwenye zizi linalotuama maji ajue anafuga na kingine.

Binadamu pia hatujasalimika. Uganda na Congo kuna minyoo inaitwa Mansonella perstans inayobebwa na usubi, wengi wanayo na hawajijui maana haisumbui sana. Na kule Amerika kuna virusi vya Oropouche, vilipatikana mara ya kwanza 1955 Trinidad, na 2024 Brazili wakatangaza vifo vya kwanza, jimbo la Bahia, ambalo nalo ni jimbo la kokoa. Hii ilinikosesha usingizi nilipoisoma, kwa sababu usubi anaeeneza kule, Culicoides paraensis, anazaliana kwenye mashina ya migomba yanayooza na kwenye maganda ya kokoa. Lile lile lundo! Huyo ni wa Amerika, huku hayupo, lakini inakuonyesha kwamba lundo moja linaweza kukuzalia mfanyakazi na likakuzalia mwizi, na huwezi kujua kwa kuangalia kwa mbali, lazima uiname.

Tena kuna jambo ambalo mi mwenyewe bado linanipa shida. Mabwana shamba wanatufundisha tusiache maganda shambani kwa sababu ya ugonjwa wa kuoza matunda, ule unaoanza doa la kahawia mpaka tunda lote linakuwa jeusi, na ni kweli, vimelea vyake vinakaa kwenye maganda yaliyougua vinarukia matunda mazima mvua ikipiga. Kwaiyo ukifagia shamba likawa safi kama sebule umemnyima usubi pa kuzaa, ukiacha uchafu umefuga ugonjwa. Mi nimeamua hivi, sijui kama ni sahihi sana ila ndo nafanya: tunda lililooza nalitoa nalifukia mbali, maganda ya matunda mazima nayarudisha kwenye malundo madogo madogo chini ya kivuli, na mgomba ukishakatwa ndizi shina nalikata vipande nalilaza kati ya miti ya kokoa lioze taratibu. Yule kijana alisema Ghana wamejaribu mashina ya migomba na usubi wakaongezeka. Migomba yenyewe ipo tele, Kyela bila ndizi siyo Kyela.

Sasa ombi langu kwenu. Mkiandika ugonjwa, andikeni inzi weusi wa mtoni, au andikeni usubi wa mtoni basi kama jina limeshazoeleka zahanati, lakini mseme mtoni, na mseme kabisa kwamba kufyeka shamba na kupulizia majani makavu hakumgusi. Ile habari mkaifanyie marekebisho na kwenye simu pia maana ndo inayozunguka kwenye magrupu, karatasi ya juzi imeshafungia maandazi lakini screenshot haifi. Na ule ukurasa wenu wa kilimo wa Jumamosi, ambao mwezi mzima sasa ni parachichi tu, parachichi, parachichi, utupe hata nusu ukurasa wa huyu mdudu, siyo kwa ajili ya Kyela peke yake, kuna wenzetu wa Busokelo, wa Turiani, wa Muheza wanaolima kokoa hii hii.

Picha msihangaike kuitafuta kwenye mtandao, mtapata mbu tena. Mpigapicha wenu aje kwangu, kulala kupo kwangu, kula wali wa Kyela na samaki kupo, aje na lenzi ya kukuza vitu vidogo na shati la mikono mirefu, na awe tayari kuamka saa kumi na moja alale chali kwenye majani. Mke wangu nimeshamwambia asishtuke.

Ndaga fijo.

Mkulima wa kokoa,
Kyela, Mbeya